Rili ya mbali haichaguliwi kwa kung'aa

KILA mchuuzi wa zana za uvuvi mpakani ana maneno aliyoyakariri. Mteja akishika rili tu, anaambiwa: “Hii ina beringi kumi na mbili, mzee wangu. Ukirusha hapa, chambo kinaangukia Kongo.” Mimi niliambiwa hivyo, nikaamini, nikalipa. Jioni yake pale ufukweni Nyanza-Lac, chambo kiliangukia hatua kumi na tano mbele yangu, na uzi ukajisokota kwenye kigurudumu kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Niliutoa kwa kisu.

Nilirejea nyumbani mwaka 2012, wakati kambi ya Mtabila kule Kigoma ilipofungwa. Kama wengi waliorejea, sikuwa na mtumbwi, sikuwa na injini, wala sikuwa na mtaji wa wavu. Mtu wa namna hiyo huvua akiwa nchi kavu, na utajiri wake ni ule umbali anaoweza kurusha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, suala la rili lisionekane kuwa anasa ya wageni wa hotelini. Kwetu ni suala la mboga, na wakati mwingine ni suala la uhai.

Nasema uhai kwa sababu nimeona wanachofanya vijana wetu wakishindwa kufika mbali. Wanaingia majini. Kwanza magotini, kisha kiunoni, mwishowe kifuani, wakitafuta mita kumi za ziada. Kule kwenye mdomo wa Mto Rusizi, ambako maji ni haba kwa mwendo mrefu kutoka ukingoni, ndiko waliko viboko na mamba. Nani katika ukanda huu hajasikia habari za yule mamba aliyepewa jina la Gustave? Mita kumi hizo zitafutwe kwenye vifaa, zisitafutwe kwa miguu.

Sasa, vifaa gani? Hapa ndipo tunapodanganyana. Rili ninayoizungumzia ni ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo kigurudumu chake huzunguka chenyewe uzi unapotoka. Katika rili ya aina nyingine, ile inayoning'inia chini ya fimbo, kigurudumu husimama tuli na uzi hujifyatua kutoka ukingoni mwake. Tofauti hiyo ndiyo siri yote. Kwenye rili ya juu, chambo ndicho kinachovuta kigurudumu kizunguke. Chambo kikiwa chepesi na kigurudumu kizito, hakiendi popote. Kigurudumu kikikimbia kuliko chambo, uzi unafumuka na kujisokota.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe “beringi ngapi?” Liwe “nitarusha uzito gani?” Anayerusha chambo bandia cha gramu 10 anahitaji kigurudumu kidogo na chepesi, kinachoanza kuzunguka bila kubembelezwa. Anayerusha chubwi ya gramu 60 pamoja na kipande cha samaki, akimtafuta sangala au kambare, anahitaji rili kubwa ya mviringo yenye nafasi ya uzi mwingi na mwili wa chuma usiopinda. Ukimuuzia huyu rili ya yule, umewaibia wote wawili.

Na hizo beringi kumi na mbili? Zinazohusika na umbali ni zile zinazobeba kigurudumu, kwa kawaida mbili tu. Nyingine zimo kwenye mkono wa kuzungushia na sehemu nyingine za ndani. Zinalainisha uvutaji, hazikupeleki mbele hata hatua moja. Ndivyo ilivyo pia kwa ile namba ya gia. Ukiona 7 kwa 1, maana yake ni kwamba ukizungusha mkono mara moja, kigurudumu kinazunguka mara saba. Hiyo ni kasi ya kurudisha uzi. Kwa kuvuta samaki mzito, namba ndogo kama 5 kwa 1 mara nyingi ina nguvu zaidi.

Kinacholeta mbali ni mambo manne, na yote yanapimika mkononi. Kwanza ni kigurudumu chenyewe: legeza kirungu cha pembeni, bonyeza kitufe cha kuachia, kisukume kwa kidole. Kizunguke muda mrefu kimya kimya, bila kukwaruza wala kuyumba sana. Angalia pia mwanya kati yake na fremu. Mwanya mpana humeza uzi mwembamba. Pili ni breki, za sumaku au za vijiwe vidogo vinavyopunguza kasi ya kigurudumu kinapokimbia. Zifungue na kuzifunga uone kama kweli zinabadilisha mwendo, maana kwenye rili mbovu kile kibonyezo ni pambo tu. Tatu ni uzi: mwembamba huenda mbali kuliko mnene, na uzi wa kusuka ni mwembamba kuliko wa nailoni wenye nguvu ileile. Ujaze kigurudumu ubakize milimita mbili au tatu kufikia ukingo. Kigurudumu kilichojazwa nusu ni kama pikipiki yenye mafuta ya kuonjea. Nne ni fimbo: fimbo ya mita 2.7 inayolingana na uzito wako itarusha mbali kuliko ya mita 1.8, hata rili ikiwa ileile.

Baada ya hapo linabaki dole gumba. Ning'iniza chambo kwenye ncha ya fimbo, kaza kirungu hadi chambo kishuke polepole na kigurudumu kisimame kinapogusa chini. Anza na breki nyingi, upunguze kidogo kidogo kadiri mkono unavyozoea. Dole gumba liguse kigurudumu kwa wepesi wakati chambo kiko hewani, na likisimamishe kabla chambo hakijagonga maji. Hili halinunuliwi. Linajifunzwa uwanjani, mchana, kwa chubwi isiyo na ndoana.

Sisemi kila mtu anunue rili hii. Kwa chambo chepesi, na kwa anayeanza leo, ile ya kigurudumu kilichosimama itamfikisha mbali zaidi na kumpunguzia machozi. Rili ya juu inalipa pale uzito unapoongezeka na uzi unapokuwa imara. Wala si kila mahali panadai umbali. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470 hivi, na penye miamba inayoshuka ghafla, kuhe anaweza kuwa hatua chache kutoka ulipokaa. Mwenye akili hutazama ufuko kabla ya kutazama duka.

Nina neno pia kwa wachuuzi wenzetu wa Manyovu, Kabanga na Gatumba. Mnabeba mzigo kwa jasho, nalijua hilo. Lakini mteja wenu mkubwa ni mtu aliyerejea na akiba ndogo, pengine aliyokopa kwa kikundi. Ukimuuzia kitu kinachong'aa kikafa kwa mwezi, harudi kwako, na jirani zake hawaji. Mruhusu afungue boksi, azungushe, ajaribu breki. Muuzie rili na uzi wake, na fimbo inayolingana nayo. Faida ya pembeni utaipata kwenye chubwi na ndoana mwaka mzima.

Tena jihadharini na karatasi. Kile cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rili iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya kwetu kwa kununuliwa Kariakoo. Tunzeni risiti, mlipe kinachostahili, muepuke kunyang'anywa. Na kabla ya kujaza stoo, ulizeni kalenda ya ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, na miezi mitatu ni mingi kwa aliyefunga mtaji wake kwenye maboksi.

Ile rili yangu ya beringi kumi na mbili bado ninayo; watoto wanaichezea. Niliyoinunua baadaye imechubuka rangi, na nyuma ya kigurudumu chake kuna beringi mbili ninazozisafisha na kuzitia tone la mafuta kila baada ya majuma machache. Haijawahi kufika Kongo. Inafika ninapotaka, na mimi nikiwa nimesimama mchangani, miguu mikavu. Kijana anayeingia majini hadi kifuani anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa yake, na wa kwanza kumwambia awe yule anayemuuzia.