Mbingu ya Dunda Isizimwe na Taa

Mnamo tarehe 24 Februari 1987 iligunduliwa nyota mpya katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Nayo haikuwa nyota iliyozaliwa, bali nyota iliyokufa kwa mlipuko, ambayo nuru yake ilikuwa imesafiri kadiri ya miaka 160,000 kabla ya kuwasili kwetu. London haikuonekana kabisa, kwa kuwa upande ule wa mbingu hauchomozi kwao kamwe; lakini Dunda, na Bagamoyo nzima, iliyo digrii 6 na ushei kusini mwa ikweta, nyota ile ilikuwa ikining'inia upande wa kusini baada ya sala ya isha, hata mwenye macho mazima aliweza kuiona pasipo darubini.

Nyota ile ilikuwa na uzito wa majua 20 hivi, na nyota za kadiri hiyo huishi maisha mafupi, na moyo wake ukiisha kugeuka chuma hukosa moto wa kuuhimili, ukajiporomokea wenyewe kwa muda usiotimia sekunde moja, na tabaka za nje zikarushwa angani kwa nguvu isiyo kifani. Ndiyo sababu katika galaksi zenye mikono iliyojiviringa, mathalan hii yetu, ambayo jua letu limo ndani yake umbali wa miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni, milipuko ya namna hii hutokea aghalabu mikononi: humo ndimo gesi na vumbi vinamozaa nyota, na zilizo kubwa hufa baada ya miaka milioni chache, kabla hazijapata wasaa wa kwenda mbali na zilikozaliwa. Oksijeni tunayoivuta ilipikwa ndani ya nyota kama hizo, na chuma cha nanga za majahazi yetu kilitoka katika nyota zilizolipuka.

Wala neema ya mbingu yetu haikomei kwa nyota ile. Usiku wa Desemba usio na mwezi, mtu aliyeelekea upande wa kibla, yaani kaskazini, huiona galaksi ya Andromeda, iliyo mbali nasi miaka ya nuru milioni 2.5, ambayo Abdulrahman as-Sufi aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 964 kuwa kijiwingu, na ambamo nyota ililipuka mwaka 1885. Naye akigeuka kusini huyaona mawingu ya Magellan usiku uleule. Watu wa Ulaya wamenyimwa haya ya pili.

Hazina hii twaipoteza kwa taa. Hoteli za ufukweni huelekeza taa zake baharini na juu, kana kwamba mawingu yana haja ya kumulikwa. Nitaambiwa kwamba taa ni usalama, nami sikatai. Lakini taa iliyofunikwa juu humulika njia vizuri zaidi, kwa kuwa nuru yake yote hushuka inakohitajika.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo iamuru taa zote za ufukweni, kuanzia Dunda, zifunikwe na kuelekezwa chini. Na walimu wa shule na wa madrasa, wawatoe wanafunzi ufukweni Desemba ijayo, wawafundishe ilmu ya falaki kwa kuwaonyesha mbingu yenyewe.