Dawa ya Deni ni Kulipa



Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ina hekima inaposemwa na majirani waliogombana juu ya mpaka wa shamba au mbuzi aliyekula mahindi. Lakini inapotamkwa na mwenye madaraka mbele ya mtu aliyeteswa na dola, hugeuka kuwa tusi. Kwa mtu huyo yaliyopita ni ndwele hasa: ni mgongo usionyooka, sikio lisilosikia, usingizi usiokuja, ni mtoto aliyeacha shule kwa sababu baba yake hakurudi nyumbani. Ndwele hiyo haijagangwa, na gharama yake inalipwa kila mwezi na yule yule aliyeumizwa.

Katika makala haya twataka kusema jambo moja. Fidia ya fedha kwa watu waliovunjiwa haki zao za kibinadamu si sadaka ya Serikali, wala si bei ya damu. Ni deni. Nalo deni halifutiki kwa sababu mdaiwa amebadili jina au anwani, au kwa sababu mwenye kudai amezeeka.

FIDIA NI NINI?

Mwezi Desemba 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za msingi kuhusu haki za watu waliotendewa maovu makubwa. Kanuni hizo zataja njia tano za kurekebisha madhara. Ya kwanza ni kumrudishia mtu alichonyang'anywa, kama vile uhuru, kazi au ardhi. Ya pili ni kumlipa fedha kwa hasara inayoweza kukadiriwa. Ya tatu ni kumpatia matibabu ya mwili na ya nafsi. Ya nne ni kumridhisha kwa kutangaza ukweli, kumwomba radhi hadharani na kuwakumbuka wafu wake. Ya tano ni kuhakikisha kwamba uovu huo hautarudiwa.

Fedha, basi, ni njia moja kati ya tano. Anayesema kwamba fedha haimfufui marehemu amesema kweli, lakini hakuna mjane aliyewahi kudai kwamba inamfufua. Fedha hulipa kile kinachoweza kulipwa kwa fedha: hospitali, karo, paa la nyumba iliyoteketezwa, mishahara ya miaka iliyopotea gerezani. Hata Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, ilimtaka aliyempiga mwenzake hata akaugua amlipe kwa muda alioupoteza kitandani na agharimie uponyaji wake. Hesabu ile haikuwa ya kununua damu. Ilikuwa hesabu ya siku za kazi na ya dawa, hesabu ambayo kila mkulima na kila kibarua anaielewa.

SOMO LA WAZEE WA MAU MAU

Mwezi Juni 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, waliishtaki Serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyotendewa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Serikali hiyo ilijitetea kwanza kwa kusema kwamba dhima yote ilihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya Uhuru. Mwaka 2011 jaji aliikataa hoja hiyo. Ndipo ikajitetea kwamba muda umepita mno. Mwezi Oktoba 2012 jaji aliikataa hoja hiyo pia kwa ajili ya watatu kati ya wazee hao. Kesi yao ilisaidiwa na karatasi: majalada mengi ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza, yalijulikana hadharani mwaka 2011.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba Serikali yake inasikitika kwa dhati, na kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Ilikubaliwa pia kwamba mnara wa kumbukumbu ujengwe, nao ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwezi Septemba 2015. Fungu la kila mzee lilikuwa takriban pauni 2,600. Ni kiasi kidogo kwa mtu aliyehasiwa au kunajisiwa kambini. Hata hivyo, pamoja na malipo hayo, taifa lililokuwa likiwaita watu hao magaidi lilisimama na kutamka kwamba waliteswa.

Lakini habari haikuishia hapo. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi ya pili katika mahakama hizo hizo. Mwaka 2018 ilitupwa, kwa kuwa miaka mingi mno ilikuwa imepita na ushahidi ulikuwa umefifia. Mlango ulifunguliwa kwa wachache, ukafungwa kwa wengi. Haki isiyodaiwa mapema, na isiyoandikwa mapema, hufa pamoja na mashahidi wake.

DENI LA NYUMBANI

Ni rahisi kuinyoshea Uingereza kidole. Vidole vingine vinatuelekea wenyewe.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ikachunguza maovu yaliyotendeka kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi tarehe 28 Februari 2008. Wananchi zaidi ya 40,000 waliandikisha taarifa zao mbele yake. Tume ilisikia habari za Wagalla, karibu na Wajir, ambako mwezi Februari 1984 wanaume walikusanywa na wanajeshi katika uwanja wa ndege, wakanyimwa maji na kupigwa risasi. Kwa miaka mingi Serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57; Tume ilikubali kwamba huenda walikaribia 1,000. Ilisikia pia habari za vyumba vya chini vya jumba la Nyayo House, na za wanawake waliobakwa baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Ripoti yake, iliyokabidhiwa kwa Rais tarehe 21 Mei 2013, ilipendekeza waathiriwa walipwe fidia.

Tarehe 26 Machi 2015, akilihutubia Bunge, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya Serikali yake na zilizotangulia, akaagiza uanzishwe mfuko wa shilingi bilioni 10 katika muda wa miaka mitatu. Neno hilo lilistahili kupongezwa. Lakini kanuni za kuuendesha mfuko huo zilikwama, miaka mitatu ikapita, na hata baada ya miaka kumi wengi wa walioeleza machungu yao mbele ya Tume walikuwa hawajaona hata senti. Mwezi Agosti 2025 Serikali iliyofuata ilitangaza utaratibu mpya wa fidia, safari hii kwa walioumizwa katika maandamano tangu mwaka 2017, na mara ukapingwa mahakamani. Tangazo jipya halilipi deni la zamani.

Waliochoka kungoja walikwenda mahakamani. Mwezi Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 waliofungiwa Nyayo House walipwe. Tarehe 10 Desemba 2020 mahakama hiyo iliwapa wanawake wanne, kati ya waathiriwa wanane wa ubakaji wa mwaka 2007 na 2008, shilingi milioni nne kila mmoja. Wanne wengine hawakupewa kitu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 23, yaitaja fidia waziwazi kuwa nafuu ambayo mahakama inaweza kuitoa.

Hata hivyo kushinda kesi na kulipwa ni mambo mawili. Raia akikudai na mahakama ikamkubalia, dalali wa mahakama aweza kuja kukamata gari lako. Lakini sheria inayosimamia kesi dhidi ya Serikali yakataza mali ya Serikali kukamatwa. Mshindi hupewa hati, kisha huingia katika foleni ya kungoja wizara iitengee fedha. Hivyo mwananchi aliyeteswa ni lazima ambembeleze aliyemtesa ili amlipe. Hapo ndipo deni linapogeuzwa kuwa sadaka.

"MLIPA KODI ANA KOSA GANI?"

Wengine huuliza: kwa nini vijana wa leo watozwe kodi kwa makosa ya askari wa jana? Swali hili ni la haki, na lastahili jibu.

Dola haifi serikali inapoondoka. Twarithi barabara, shule na bandari zilizojengwa na waliotutangulia, na pamoja nazo twarithi madeni yao. Mikopo iliyotiwa saini na serikali zilizopita inalipwa pamoja na riba, wala hatujasikia waziri akiwaambia wakopeshaji wa kigeni kwamba yaliyopita si ndwele. Je, mjane wa Wagalla ana haki ndogo kuliko benki? Tena fidia ya Serikali haimwondolei hatia askari wala mkubwa aliyetoa amri. Hao wafuatwe na sheria kwa majina yao, na mali zao zichangie malipo.

JE, HAITOSHI KUSAMEHE?

Wako viongozi wa jumuiya ambao, mtu aliyeumizwa anapofika kulia kwao, humharakisha asamehe. Kusamehe ni zawadi ya moyo wa aliyekosewa. Hakuna awezaye kumdai zawadi hiyo, na aliyekosa ndiye wa mwisho kuwa na haki ya kuidai. Lakini hata baada ya kusamehewa, wajibu wa aliyekosa unabaki. Kila aliyefundishwa katekisimu anajua kwamba mwizi anayeungama hubaki na wajibu wa kurudisha alichoiba. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia kutubu kwa maneno. Aliahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu. Twashangaa basi kwamba mtoza ushuru mmoja wa Yeriko aliifahamu hesabu hii, na wizara nzima zenye wahasibu wengi zinashindwa.

Na tuangalie upande wa pili pia. Fedha inayotolewa ili watu wanyamaze, bila ukweli na bila radhi, ni dharau nyingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, ilipoamua mwezi Juni 2022 kwamba Serikali ya Kenya iwalipe Waogiek wa Mau shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa uchungu na unyonge waliotendewa, haikuishia kwenye fedha. Iliagiza pia warudishiwe ardhi ya mababu zao kwa hati. Shilingi bila ardhi zingewaacha Waogiek wakiwa wapangaji katika msitu wao wenyewe.

KAZI YETU

Tarehe 3 Machi 1992 polisi waliwapiga akina mama waliokuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru Park, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Akina mama hao walipata hifadhi kwa ndugu zetu Waanglikana, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakakaa humo kwa miezi mingi. Iliwachukua baadhi yao zaidi ya miaka thelathini kupata haki: mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuchelewa kwao kushtaki hakukuwa sababu ya kuwanyima. Kanisa halikuwa na fedha za kuwapa wala askari wa kuwalinda. Lilikuwa na mlango, likaufungua. Nasi tunayo mambo manne tunayoweza kuyafanya.

Kwanza, tuandike. Kila Tume ya Haki na Amani ya parokia iwe na daftari la matukio: jina, tarehe, mahali, mashahidi, namba ya taarifa polisi. Nakala ya fomu ya P3, kadi ya hospitali na kibali cha mazishi zihifadhiwe mahali ambapo moto na mvua havifiki. Wazee waliokwenda London walisaidiwa na majalada ya watesi wao. Bora sisi tuwe na yetu.

Pili, tuwakinge wanyonge na matapeli. Penye tangazo la fidia huzuka mawakala wanaodai ada ya kuandikisha majina. Tutangaze kanisani na katika jumuiya ndogo ndogo kwamba jina la mwathiriwa haliuzwi. Majina yasomwe hadharani, ili wasio wa kweli wajulikane na walioachwa waongezwe.

Tatu, tuwatetee wajane na mayatima ndani ya jamaa zao. Fedha ikifika, iingie mkononi mwa mwenyewe, isipitie kwa shemeji wala kwa mzee wa ukoo.

Nne, tuulize. Mbunge anapofika kwenye harambee yetu na bahasha yake, aulizwe kwa adabu na mbele ya watu: kanuni za mfuko wa fidia ziko wapi, na katika bajeti ya mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi kwa wale ambao mahakama imekwisha kuamuru walipwe?

Waliotoa ushahidi wao mbele ya Tume wakiwa na miaka sitini sasa wanakaribia themanini. Kila mwaka tunawazika baadhi yao, na kila tunapomzika mmoja, mdaiwa hufarijika kidogo. Tusimpe faraja hiyo. Majina yao yawe katika daftari letu, na watoto wao waambiwe liko wapi.