Kodi Umelipa, Godoro Je?

Masika yakikolea kwetu Kyela, Tanzania, simu zinazotufikia huku ughaibuni huwa na habari moja: mto Songwe umefurika, Kiwira umevunja kingo, Mbaka na Lufilyo imeingia mashambani. Tunauliza kwanza kama watu wamepona, kisha kama mpunga umebaki. Mtu wa Ikolo haulizi kama maji yatakuja. Anauliza yatakuja lini na yatafika wapi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anapanga chumba London au Houston, anaishi humo miaka nenda rudi, na hana bima ya kitu hata kimoja kilichomo ndani.

Ukimuuliza kwa nini, majibu yake huwa matatu, na kila moja linahitaji kujibiwa.

La kwanza: "Mwenye nyumba ana bima." Ni kweli anayo, ila bima hiyo ni yake. Inalipia kuta, paa, mabomba na vile alivyoviweka yeye. Godoro lako, kompyuta yako na suti yako ya harusini havimo. Tarehe 9 Januari 2022 hita ya umeme iliwasha moto katika jengo la Twin Parks, huko Bronx, New York. Moshi ulipanda ngazi hadi juu na watu 17 wakafa, wengi wao wa familia zilizotoka Gambia. Waliosalia, wengi walihamishiwa hotelini. Msiba kama ule hauna bima ya kuufuta. Lakini aliyepona bado anahitaji pa kulala, nguo na sufuria, na hiyo ndiyo kazi ya bima ya mpangaji: kulipia vitu vyako na, katika mikataba mingi, gharama za malazi ya muda mpaka upate kwako pengine.

La pili: "Sina kitu cha maana." Tuhesabu basi, kwa mfano wa chumba kimoja Uingereza. Kitanda na godoro paundi 350. Kompyuta 600. Simu 500. Televisheni 300. Makoti na viatu vya baridi 400. Nguo nyingine, suti na vitenge pamoja, 700. Vyombo vya jikoni 250. Jumla ni paundi 3,100, na bado hatujagusa mashine ya kushonea wala zawadi ulizoanza kuweka kwenye sanduku la safari ya Desemba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pita na simu yako chumba hadi chumba, piga picha, andika bei, weka risiti, na orodha hiyo uihifadhi mahali nje ya nyumba, hata kwenye barua pepe yako mwenyewe. Siku ya madai, anayeulizwa ushahidi ni wewe.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Ukitaja nusu ya thamani ya mali yako ili ada ishuke, baadhi ya mikataba huipa kampuni haki ya kukulipa nusu tu ya hasara, hata kama kilichoibwa ni simu peke yake.

La tatu ndilo zito zaidi: "Jumuiya ipo." Hapa tuna historia ya kujivunia. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliishi kwetu miaka ya 1930, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kizima kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Vijana wa umri mmoja walitoka kwa wazazi, wakajenga kijiji chao na kusaidiana maisha yote. Nyumba ilipoanguka, wenzako walikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na mianzi ya kujengea ilikuwa karibu.

Michango yetu ya leo ni mtoto wa utaratibu huo. Inasafirisha miili nyumbani, inafariji wafiwa, inalipia hospitali. Inaweza kwa sababu matukio hayo si ya kila wiki, na kwa sababu hakuna anayeuliza thamani ya marehemu. Lakini sasa wana rika wametawanyika, mmoja Reading, mwingine Minneapolis, kila mmoja na kodi yake mwisho wa mwezi. Tukianza kuchangia kila televisheni iliyoibwa na kila zulia lililolowa, mfuko utakauka kabla msiba haujabisha hodi. Msimamo wa jarida hili ni huu: michango ibaki ya watu, vitu vikatiwe bima.

Katika kuchagua, usikimbilie bei. Kwanza uliza habari ya maji. Uingereza, mikataba mingi ya vitu vya ndani hujumuisha mafuriko, ila hakikisha kwa nyumba yako. Marekani ni kinyume: bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko yanayoingia kutoka nje. Kuna mpango wa taifa wa bima ya mafuriko unaomruhusu mpangaji kukatia vitu vyake hadi dola 100,000, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununua. Ukingoja utabiri wa kimbunga, umechelewa.

Pili, uliza habari ya kuondoka, maana sisi ni watu wa kwenda nyumbani. Mtu anaenda matanga, anakaa mpaka mavuno, anarudi baada ya miezi miwili na nusu. Mikataba mingi ya Uingereza hupunguza au kuondoa kinga ya wizi na ya maji ya bomba nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 au 60 mfululizo. Ipigie kampuni simu kabla ya kupanda ndege, na jibu ulipate kwa maandishi.

Tatu, mnaoishi nyumba ya pamoja, kila mtu na chumba chake: mara nyingi wizi haulipwi kama hakuna dalili ya kuvunja mlango. Kama mlango wa chumba chako hauna kufuli, sema hivyo mapema.

Nne, mali isiyo yako au ya biashara. Mwenzetu anayehifadhi mizigo ya kusafirisha kwa biashara, au vitenge vya kuuza, asidhani bima ya nyumbani inavihesabu. Na wahazini wetu wasikie: fedha taslimu zina kikomo kidogo katika mikataba hii, na za chama kwa kawaida hazimo kabisa.

Tano, soma kiasi utakachokatwa kwenye kila dai. Ukiambiwa paundi 250 na simu yako ni ya 300, unachokinga ni paundi 50. Uliza pia kama utalipwa bei ya kitu kipya au bei iliyopunguzwa uchakavu. Kochi la miaka sita kwa hesabu ya uchakavu halinunui hata mto wake.

Usisahau sehemu ya dhima. Ukiacha bomba la bafu wazi na maji yakashuka kwa jirani wa chini, dari lake ni deni lako. Bima ya mpangaji ya Marekani kwa kawaida ina kipengele hicho, na ya Uingereza aghalabu pia. Tazama kiwango chake. Na jibu maswali ya kampuni kwa ukweli. Ukificha kwamba mnaishi watu wanne, dai linaweza kukataliwa ukiwa umelipa ada miaka yote.

Wanaopanga nyumba za halmashauri au za vyama vya nyumba Uingereza waulize ofisini kwao kwanza. Nyingi zina bima nafuu ya wapangaji inayolipwa kidogo kidogo. Ukinunua kwingineko, hakikisha kampuni imo katika rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, na Marekani katika idara ya bima ya jimbo lako. Nyumba unayojenga Kyela haimo katika bima ya huku. Hiyo itafutie kampuni iliyosajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na swali lako la kwanza lisibadilike: mafuriko mnalipa?

Tunapendekeza mambo mawili kwa mkutano ujao. Fedha za rambirambi zisilale tena nyumbani kwa mtu. Ziende benki siku ileile zinapokusanywa. Na kila mwanachama anayepanga aje na mkataba wake wa bima, au aje bila kitu, tukae naye tumsaidie kuandika orodha na kulinganisha mikataba. Kwa wenye Kiingereza kigumu, vijana wetu waliosoma huku watasoma vipengele pamoja nao, na wazee watapokea shikamoo zao kama kawaida.