Orodha ya Alps Haikuandikiwa Bofu

Nitasema wazi, na atakayekasirika akasirike: orodha nyingi za vifaa vya kupanda milima na kupiga kambi zinazozungushwa hapa Mombasa hazifai. Si kwamba zina dosari za hapa na pale. Hazifai kwa sababu zimenakiliwa kutoka kwa watu wanaoishi kwenye baridi, zikabandikwa kwetu bila mtu hata mmoja kuuliza swali la kwanza: tunakwenda wapi?

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na ugonjwa huu naujua. Mtu anachukua msimbo aliouokota mtandaoni, anaubandika kwenye kazi yake, haufanyi kazi, naye anashangaa. "Lakini kule ulifanya kazi!" Ndiyo, ulifanya kazi kwenye mashine ya mwenyewe. Orodha ya vifaa ni hivyo hivyo. Inataka kujua mahali, msimu, idadi ya siku na kilo unazoweza kubeba. Usipoipa hayo, itakurudishia upuuzi.

Mfano upo hapa karibu. Kikundi kimoja cha matembezi, sitakitaja jina, kilitoa orodha ya lazima kwa safari ya usiku mmoja Shimba Hills. Buti za ngozi zinazofika juu ya kifundo. Koti la mvua "linalopumua". Mfuko wa kulalia wa digrii 10 chini ya sifuri! Usiyekuwa navyo, usije. Jamani, Shimba Hills hapa Kwale? Kutoka Bofu ni kupanda matatu, Kombani unakunja, unafika. Vijana wa Likoni wanaoviona vilima vile tangu utotoni wanaambiwa hawawezi kulala kule mpaka watumie hela zinazozidi mshahara wa mwezi. Wengi wanakubali, wanabaki nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma. Orodha mbaya haipotezi pesa tu, inawafungia watu mlango wa kwao wenyewe.

HESABU YA MSTARI MMOJA

Kabla hujanunua chochote, fanya hesabu hii. Kwa wastani joto hupungua digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wastani wa joto la Mombasa tuuchukulie kuwa digrii 26. Basi:

joto = 26 - (mita x 6.5 / 1000)

Ni kadirio tu, na usiku utatoa digrii kadhaa zaidi, lakini tazama linavyosema:

- Shimba Hills, karibu mita 450: digrii 23.
- Vuria kule Taita, mita 2,200 hivi: digrii 12.
- Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985: digrii 6 chini ya sifuri.
- Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895: digrii 12 chini ya sifuri.

Hizo ni safari nne tofauti kabisa. Hakuna orodha moja inayoweza kuzihudumia zote, kama vile hakuna shati moja la kuvaa feri ya Likoni saa saba mchana na la kuvaa Lenana alfajiri. Shimba Hills shuka na leso mbili zinatosha. Lenana leso mbili zinaweza kukuua.

DIGRII ZA KWENYE LEBO

Sasa tuje kwa wauzaji. Mfuko wa kulalia unaopimwa sawasawa hupimwa kwa kiwango cha Ulaya kilichoitwa EN 13537, kilichoanza kutumika mwaka 2005, na baadaye ISO 23537 kilichochukua nafasi yake. Kiwango hicho hakitoi namba moja. Kuna namba ya starehe, yaani joto ambalo mwanamke wa kawaida analala vizuri. Kuna namba ya kikomo, ambayo mwanamume wa kawaida anajikunja na kuvumilia. Halafu kuna namba ya hatari: hapo mtu anaweza kumaliza saa sita bila kufa, lakini baridi inaweza kumdhuru vibaya.

Ni namba gani huandikwa kwa maandishi makubwa mbele ya mfuko? Kwenye mifuko mingine ni hiyo ya tatu! Wewe unasoma "-10" ukidhani utalala kama mtoto mgongoni mwa mama yake. Kumbe umeambiwa kwamba kwenye digrii 10 chini ya sifuri huenda usife kabla ya saa kumi na moja.

Ushauri wangu ni mmoja. Tafuta namba ya starehe. Isipokuwepo, au muuzaji asipojua unazungumza nini, chukulia mfuko huo haujapimwa na ulipe bei ya blanketi.

KOTI LINALOPUMUA HALIPUMUI PWANI

Hapa ndipo watu watanirushia mawe, kwa hiyo nitakwenda na fizikia. Makoti ya Gore-Tex na ndugu zake yana utando wenye vitundu vidogo mno. Bob Gore ndiye aliyegundua namna ya kuuvuta utando huo mwaka 1969, na ni uvumbuzi mkubwa, sibishi. Tone la maji haliingii, mvuke wa jasho unatoka. Lakini mvuke hautoki kwa hiari yake. Unasukumwa, kutoka penye mvuke mwingi kwenda penye mvuke kidogo.

Ngozi yenye jasho kwenye digrii 35 ina msukumo wa mvuke wa kilopaskali 5.6. Hewa ya mlima wenye digrii 5 na unyevu wa asilimia 80 ina 0.7 tu. Tofauti ni 4.9, na koti linapumua vizuri. Sasa njoo Pwani: digrii 30, unyevu ule ule wa asilimia 80. Hewa yetu tayari ina 3.4. Tofauti imebaki 2.2, chini ya nusu! Wakati huo huo, kwa joto letu, jasho linakutoka maradufu. Matokeo yake unalowa kwa ndani kabla mvua haijakulowesha kwa nje, na umelipa bei ya simu nzuri.

Kwa mvua ya masika hapa Pwani, mwavuli au poncho ya plastiki iliyo wazi kwapani inashinda koti hilo. Inapitisha upepo, basi. Haina nembo ya kujivunia kwenye picha, najua.

Na kile kibao cha "pamba huua" kinachorudiwa kila mahali? Kwenye baridi ni kweli: pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Lakini kwenye digrii 30, kupoa ndicho kitu unachokitafuta. Shati jepesi la pamba la mikono mirefu ni vazi la akili kutoka Bofu hadi Kwale. Liache nyumbani siku unayokwenda Mlima Kenya.

BUTI NA HEMA ZA MITUMBA

Mitumba naipenda. Ukivuka feri ukaenda Kongowea na jicho lako kali, utapata buti nzuri kwa bei ya viatu vya kawaida. Ila kuna mtego ambao orodha za kunakili hazikuambii.

Buti nyingi za mlima zina tabaka la katikati la soli lililotengenezwa kwa poliyurethani. Maji yaliyomo hewani hulivunja tabaka hilo polepole, hata kama kiatu kimekaa kwenye sanduku bila kuvaliwa. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na sisi tuna vyote viwili mwaka mzima. Umri wa buti unaanza kiwandani, si siku uliyoinunua. Kwa nje inang'aa, ukiipeleka mlimani siku ya pili soli inabomoka kama mkate mkavu. Kwa hiyo bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, kwa nguvu. Kunja kiatu mpaka kilalamike. Ukiona nyufa ndogo ndogo, unga, au sehemu inayonata, rudisha. Soli ya katikati ya EVA haina ugonjwa huu, ingawa hubonyea na kuchoka haraka zaidi.

Hema nazo vilevile. Tabaka la ndani linalozuia maji mara nyingi ni poliyurethani ile ile. Likianza kufa, hunata na kutoa harufu kali ya uchachu. Fungua hema, nusa, pitisha kiganja. Na muuzaji akikwambia "halipitishi maji", muulize milimita ngapi. Hema la milimita 3,000 limepimwa kwa safu ya maji ya mita 3. "Halipitishi maji" bila namba ni maneno ya mapenzi, hayana ushahidi.

Halafu kumbuka unalala Pwani. Hema zito lililozibwa kila upande lilitengenezwa kuhifadhi joto, na hapa litakugeuza mkate wa kumimina. Unataka hema la matabaka mawili, la ndani wavu mtupu, la juu la mvua. Wavu huo ni muhimu kuliko kifaa chochote kwenye begi lako. Mbu wa malaria huuma usiku. Wa homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, huuma mchana, kwa hiyo mikono mirefu nayo ni kifaa.

PAWABENKI YA GRAMU 150

Wasomaji wapenda vifaa, hii ni yenu. Betri ya aina ya 18650, ile ya mviringo, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na iliyo nzuri haizidi sana mAh 3,500. Pawabenki ya mAh 20,000 basi inahitaji sita, yaani gramu 270 kabla hujaweka kasha. Iweke kwenye mizani ya duka la sukari. Ikiwa na gramu 150, namba iliyoandikwa ni uongo, hata kama ina taa za rangi saba.

Na saa ya GPS ya bei ya pikipiki kuukuu huihitaji kwa matembezi ya Kwale. Simu yako inapokea satelaiti bila intaneti. Pakua ramani za OpenStreetMap ukiwa nyumbani kwa programu kama OsmAnd, weka simu katika hali ya ndege, na GPS itaendelea kukuonyesha ulipo. Ni kazi ya watu wa kujitolea, na ni bure.

"KWA HIYO VIFAA NI UPUUZI?"

Hapana! Nani kasema? Nimesema kila mahali pana vifaa vyake. Kwenye baridi ya kweli, kifaa ni uhai, na huko hasira yangu ni ile ile kwa upande wa pili. Kule Kilimanjaro wageni hupanda na majaketi ya mabata huku baadhi ya wanaowabebea mizigo wakiwa na viatu vilivyochanika. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoanza mwaka 2003, huwaazima wapagazi nguo za baridi bure. Fikiria maana yake: watu wanaofanya kazi kwenye digrii 12 chini ya sifuri wanahitaji kuazimwa koti, na sisi huku tunamdai kijana wa Likoni mfuko wa kulalia wa theluji ili akalale Kwale. Vifaa vimejaa pasipovihitaji na havipo panapovihitaji.

Vikundi vya matembezi vingefanya jambo la maana kama vingenunua mahema matatu mazuri na kuazimisha, badala ya kuandika orodha ya kumtisha mtu.

ORODHA YANGU YA USIKU MMOJA SHIMBA HILLS

Maji lita 4 (ni kilo 4, ndiyo sababu huna nafasi ya mapambo). Wavu, au hema lenye wavu. Turubai jepesi na kamba. Mkeka au godoro jembamba la povu. Shuka na leso. Viatu vya michezo vyenye meno, ulivyokwisha kuvizoea. Tochi ya kichwani. Mikono mirefu, kofia, dawa ya mbu. Lala kwenye kambi za KWS, maana ndovu wa kule hawakusoma orodha ya mtu, na kwenye njia ya maporomoko ya Sheldrick utaongozana na askari wa wanyamapori. Vingi katika hivi viko nyumbani kwako tayari.

Na ukitaka kujua sehemu inayopanga vifaa kwa akili, nenda Kaya Kinondo pale Diani, moja ya misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni anafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Ni kitambaa kimoja. Kimechaguliwa kwa ajili ya mahali pale, na wanaokutaka ukivae wanajua sababu.

Kwa hiyo ukitumiwa orodha tena, mjibu aliyeituma kwa maswali matatu: mwinuko ni mita ngapi, usiku digrii ngapi, na namba hii imepimwa kwa kiwango gani? Akishindwa kujibu, funga leso zako, panda matatu ya Kwale.