Boti ya okazio isiuzwe bila jile zake

Ijumaa moja asubuhi nilisoma kwenye mikro tangazo hili: "Boti ya mbao inauzwa Bweremana. Urefu mita kumi na mbili, moteri Yamaha nguvu 40, iko katika hali nzuri. Bei ni maelewano. Mwenye kuhitaji afike kwa mwenyewe bandarini." Mwenye tangazo alikuwa amelipa. Nikalisoma asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu. Sikuuliza kitu. Kwetu redioni tangazo la boti tunalipokea sawasawa na tangazo la shamba, la ng'ombe aliyepotea ao la kilio.

Boti ilipata mnunuzi, kijana wa upande wa Kirotshe. Aliuza ng'ombe wawili wa familia na kukopa pesa zilizobaki. Kiisha majuma mawili alifika redioni. Nilifikiri analeta tangazo, kumbe alikuja kuniuliza: "Kaka wa redio, ulisema iko katika hali nzuri. Uliiona?"

Sikuiona. Ndiyo maana ninaandika haya.

Wasomaji wengi wanapoiwazia Masisi wanaona milima, fromaji na ng'ombe. Wanasahau kwamba usultani wa Bahunde unashuka mpaka majini, na kwamba kuanzia Sake, Kirotshe, Shasha hadi Bweremana watu wetu wanaishi kwa ziwa kama wale wa Idjwi. Kijana alinipeleka hadi pale boti ilipofungwa, karibu na wanawake wanaoanika sambaza. Kwa nje ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, nzuri kweli. Akachukua kisu kidogo, akachoma ubao wa chini, upande wa nyuma ambapo maji hukaa siku zote. Kisu kiliingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu, na pamba na gudroni za kuziba nafasi kati ya mbao zilikuwa za zamani, zimekauka. Rangi ilifunika yote.

Lakini kilichoniuma zaidi si ule ubao. Ubao unabadilishwa, fundi yuko. Nilimwuliza jile ziko wapi. Akanionyesha tano ndani ya gunia, moja haina mkanda. Boti hiyo inabeba watu arubaini na mizigo yao. Siku ya kuiangalia, kabla hajalipa, alikuwa ameona jile zaidi ya ishirini zimepangwa juu ya viti. Siku ya kuichukua hazikuwepo. Kamba ya nanga nayo ilikuwa imeondoka, pamoja na kasia za akiba na shitingi ya kufunika mizigo. Muuzaji alimjibu maneno ambayo kijana aliyarudia mara mbili mbele yangu: "Nilikuuzia boti. Jile si boti."

Siku hizohizo binamu yangu anayeishi Ubelgiji alinitumia kwenye WhatsApp, kwa mzaha, tangazo la mashua ya matanga ya okazio. Ni zile mashua ambazo wazungu wanazitumia kusafiri baharini wakati wa likizo, wanapika na kulala ndani. Aliandika: "Nunua, utoke nayo Goma mpaka Bukavu." Nilicheka, kiisha nikasoma mpaka mwisho na kicheko kikaisha. Tangazo lile lilikuwa refu kuliko habari yangu ya jioni. Mwaka iliojengwa. Mara ya mwisho ilipotolewa majini na kukaguliwa tumbo. Moteri imefanya kazi saa ngapi. Matanga mangapi, lipi jipya na lipi limechoka. Nanga mbili, na mnyororo wake mita ngapi. Pampu ya kutoa maji, kizima moto, redio ya kuita msaada, fataki za kuonyesha kwamba mko hatarini. Jile sita kwa watu sita, pamoja na mwaka zilipokaguliwa. Hata sahani na vikombe viliandikwa. Na chini kabisa muuzaji mwenyewe alitaja yaliyoharibika: dirisha moja linavuja mvua ikinyesha, na chombo cha kukazia kamba kinazunguka kwa shida.

Sisemi kwamba wazungu ni malaika. Walaghai wa mashua wako kule pia. Lakini kule mnunuzi anauliza, na mara nyingi anamlipa fundi aipime kabla hajatoa hata dolari moja. Muuzaji anajua ataulizwa, basi anasema mwenyewe. Kwetu nani anauliza? Mnunuzi anasikiliza moteri inavyonguruma, anapiga picha, anahesabu pesa. Anayebandika sahihi kwenye karatasi ya kuuziana anaangalia jina na bei. Mimi wa redio ninasoma.

Hatuna haki ya kusema hatukujua. Mwezi wa nne 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, watu wapatao 150 wakakosekana. Rais Félix Tshisekedi alifika kule na kuagiza kwamba abiria wote wavae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa nchi kavu wakiitazama. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilikuwa na watu 278, na siku ile alitangaza vifo 78. Wengi wetu tuliona ile video kwenye simu. Ilikuwa mchana, mji ukiwa mbele ya macho yao. Hapo ndipo jile inamaanisha kitu: hawakuhitaji kuogelea kilometa kumi, walihitaji kubaki juu ya maji kwa dakika chache mpaka mitumbwi iwafikie.

Na tukumbuke kwa nini watu walijaa vile. Vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake na Minova. Mama mwenye maharagwe na maniok, mwanafunzi, mgonjwa, wote waliokuwa wakipanda gari walishuka ziwani. Abiria walipoongezeka, kila boti ilipata kazi, hata ile iliyokuwa imelazwa mchangani kwa kuoza. Ndivyo biashara ya boti za okazio ilivyopata moto. Mwenye boti mbovu hakuona sababu ya kuivunja kuwa kuni kama angeweza kuipaka buluu.

(Kuna wanaosema kwamba boti zinavutwa chini na gesi ya ziwa. Gesi iko kweli, ila imeyeyuka katika maji ya chini sana, na ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 480. Boti zetu zinazamishwa na uzito, upepo na mbao zilizooza. Tusimsingizie gesi.)

Nilizungumza na wenye boti wawili watatu, kwa sababu si haki kuandika bila kuwasikia. Wanasema abiria wanaiba jile. Ni kweli, nimeona mtu anaivaa kwenye pikipiki kwa kujikinga baridi ya Masisi. Wanasema abiria wenyewe wanazikataa, zinanuka samaki na jasho. Ni kweli pia. Wanasema kila kituo kina mtu wa kudai franka, na hakuna anayewarudishia chochote. Hapo siwezi kuwapinga. Na mama yangu mdogo, anayepeleka viazi Goma, mimi mwenyewe nilimnunulia jile baada ya Kituku. Juzi nilimkuta ndani ya boti ameikalia. Nilipomwuliza, akanijibu: "Mwanangu, ubao ni mgumu." Jile inayokaliwa kila siku inabonyea, sponji yake inakufa, na siku ya hatari itamwelea mtoto lakini si mama wa kilo themanini.

Lakini haya yote hayamwokoi muuzaji wangu. Abiria akiiba jile ni wizi. Mwenye boti akizitoa makusudi kati ya siku ya kuonyesha na siku ya kukabidhi, tuuite nini? Zile ishirini zinazunguka kutoka boti hadi boti kama nguo ya harusi ya kuazima. Zinaonekana siku ya mnunuzi na siku ya ukaguzi, kiisha zinahamia kwingine. Na boti inayobaki uchi ndiyo iliyonunuliwa na maskini mwenye deni, ambaye atakopa tena kwa esanse kabla ya kukopa kwa jile. Atajaza watu ili alipe deni. Hesabu hiyo mimi na wewe tunaijua inakoishia.

Kwa hiyo nasema waziwazi: boti na jile zake ni bidhaa moja, kama nyumba na mlango wake. Karatasi ya kuuziana iandike idadi ya jile, nanga, kamba, kasia na chombo cha kutolea maji, na pande zote mbili zihesabu mbele ya mashahidi siku ya kukabidhi, si siku ya kuonyesha. Boti itolewe majini, igeuzwe, kisu kipite chini kabla ya rangi. Mafundi wa boti wa Bweremana wanaijua kazi hii kuliko mtu yeyote wa ofisi. Walipwe kidogo na neno lao liandikwe. Moteri ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo, maana ikiwa tupu kila moteri ni nzuri.

Ndugu zetu wa Walikale watasema hayo ni ya ziwani. Hapana. Mto Lowa unaotoka huku kwetu Masisi unafika kwao, na kule mtumbwi wa shina moja unavusha pikipiki, magunia na watoto wa shule. Mtumbwi nao unauzwa na kuuzwa tena, ufa wake ukizibwa kwa udongo na kitambaa. Jile kule hata hazitajwi. Mbao nyingi ngumu tunazozisifu zinatoka katika msitu wao, lakini mto hauangalii mbao zimetoka wapi.

Na sisi wa redio? Nilipeleka jambo hili kwenye kikao chetu. Niliomba tusisome tena tangazo lolote la boti mpaka mwenyewe ajibu maswali manne: ni ya mwaka gani, inabeba watu wangapi, ina jile ngapi zinazobaki ndani, na nani aliikagua chini. Mwenzangu mmoja alisema tutapoteza pesa, na redio yetu haina pesa za kupoteza, mafuta ya grupu yenyewe tunayatafuta kila siku. Hata hivyo walikubali kujaribu kwa miezi mitatu.

Wa kwanza kufika alikuwa muuzaji wangu yuleyule, na boti nyingine. Nilimwekea maswali mbele. Mwaka aliandika, watu aliandika arubaini na tano. Kwenye jile alisimamisha kalamu, akaniangalia, akakunja karatasi na kuiweka mfukoni. Jioni, nikiwa kwenye pikipiki kurudi nyumbani, nilisikia tangazo lake kwenye redio ya jirani. "Iko katika hali nzuri," walisema.