Mtoto ana kadi ya kliniki, bibi je? Pima nguvu za mama kwa kiti na saa ya simu

Kila mzazi anayesoma ukurasa huu anaijua kadi ya kliniki. Mtoto anawekwa kwenye mzani, nesi anatia nukta kwenye chati, na mama anaondoka akijua kama mstari unapanda, umelala au unashuka. Hatusubiri mtoto akonde ndipo tuanze kuulizana.

Kwa bibi wa mtoto huyo mambo ni tofauti. Akianza kushika ukuta anapoinuka, tunasema ni uzee. Akiacha kwenda mnadani, tunasema amechoka tu. Siku akiteleza bafuni na kuvunjika nyonga, ndugu wote tunakutana wodini na kuanza kuulizana nguvu zilianza kumwishia lini. Mara nyingi zilianza kupungua miaka mingi nyuma, ila hakuna aliyepima.

Habari njema ni kwamba nguvu za mama mtu mzima zinapimika, tena nyumbani, kwa kiti na simu uliyoishika sasa hivi.

"Uzee tu" una jina

Misuli na nguvu zake kupungua kwa sababu ya umri kitaalamu huitwa sarkopenia. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1989 na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama ya mwili na upungufu. Alitaka jambo ambalo kila mtu aliliona na kulipuuza lipewe uzito na watafiti.

Misuli ya binadamu hufikia kilele karibu na umri wa miaka 30, kisha huanza kupungua taratibu. Kadiri miaka inavyokwenda, hasa baada ya 60, kasi huongezeka. Wanawake wana mambo ya ziada. Kwanza, huanza safari wakiwa na misuli michache kuliko wanaume. Pili, baada ya ukomo wa hedhi homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa na misuli yote huathirika. Tatu, huishi muda mrefu zaidi, hivyo miaka ya kuishi na mwili dhaifu inaweza kuwa mingi.

Nyumbani kuna sababu nyingine tunayoifahamu vizuri: bibi ndiye anayekula mwisho. Kipande chake cha sato kinaishia kwenye sahani ya mjukuu, naye anamalizia ugali na mchuzi.

Mzani hautoshi

Wengi tunamwangalia mama kwa macho: akiwa mnene tunasema ana afya, akikonda tunapata wasiwasi. Lakini misuli inaweza kupungua huku mafuta yakichukua nafasi yake. Mzani utasoma kilo 68 mwaka huu kama ulivyosoma miaka mitano iliyopita, ila mwili wenye kilo hizo hauna tena uwezo ule wa kuinuka kwenye mkeka. Mama mnene naye anaweza kuwa amepoteza misuli.

Ndiyo maana wataalamu wa Ulaya walipopitia upya mwongozo wao wa sarkopenia mwaka 2018, waliweka nguvu mbele ya ukubwa wa misuli. Unaanza kwa kuuliza mtu anaweza kufanya nini, kisha unapima nguvu, halafu ndipo unatafuta mashine za kuonyesha misuli imebaki kiasi gani.

Nguvu hupimwa kwa kifaa kidogo chenye mpini ambacho mtu anakibana kwa mkono wake wote. Kwa mwongozo huo wa Ulaya, mwanamke anayebana chini ya kilo 16 anahesabiwa kuwa na nguvu ndogo. Wataalamu wa Asia, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, waliweka mpaka wa kilo 18.

Kifaa hicho si kigeni Mwanza. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mwanza, wamekitumia kwa wagonjwa wa kifua kikuu na kwa watu wenye VVU waliokonda wakianza dawa, ili kujua kama chakula cha nyongeza kinarudisha nguvu au kinaongeza uzito tu. Swali hilohilo ndilo la kumuuliza bibi.

Dalili unazoziona bila kupima

Wataalamu wana dodoso fupi la maswali matano kwa wazee: kubeba mzigo wa kilo nne na nusu hivi, kutembea kuvuka chumba, kuinuka kwenye kiti, kupanda ngazi kumi, na mara ngapi ameanguka mwaka uliopita. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 2. Jumla ikifika 4 au zaidi, mtu huyo apimwe zaidi.

Kwetu maswali hayo yana sura zake. Kilo nne na nusu ni karibu sawa na kidumu cha lita tano kilichojaa maji. Ngazi kumi ni yale mawe ya kupanda kwenda nyumbani Mabatini, Igogo au Bugarika. Mwangalie mama. Je, ameacha ndoo ya lita 20 na kuhamia ya lita 10? Anamwita mjukuu amkamulie shuka? Amekataa mkeka na kudai kiti? Anapumzika mara mbili kwenye mteremko aliokuwa akiupanda na beseni la dagaa kichwani?

Wapo watakaosema, "Mama yangu bado analima, hana shida." Kazi inasaidia kweli, lakini pia inaficha. Mwili unajipanga upya: anabeba kidogo, anaenda polepole, anaacha kazi moja baada ya nyingine bila kutangaza. Kutoka nje unaona mama anayefanya kazi kila siku. Ukilinganisha na mwaka juzi unaona amepunguza nusu.

Jinsi ya kupima nyumbani

Mwambie mama kwa heshima, usimfanye ajione mgonjwa. "Shikamoo mama, leo na wewe tunakufungulia kadi yako" inatosha. Wajukuu wakihesabu sekunde kwa sauti, inakuwa mchezo.

Kipimo cha kwanza ni kiti. Chukua kiti kigumu cha kawaida kisicho na magurudumu, kama cha mezani, kiegemeze ukutani. Usitumie kigoda, maana ni kifupi na kinafanya kazi iwe ngumu kuliko inavyotakiwa. Sofa nayo inazama. Mama akae, akunje mikono kifuani, kisha ainuke hadi asimame wima na kukaa tena, mara tano, haraka kadiri anavyoweza bila kujiumiza. Anza kuhesabu ukisema "anza", simamisha saa anaposimama mara ya tano. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya nguvu ndogo. Asipoweza kuinuka bila kushika kitu, andika hivyo. Nalo ni jibu.

Cha pili ni mwendo. Pima mita nne sakafuni au uani, weka alama mbili. Atembee kwa mwendo wake wa kila siku, na fimbo yake kama anaitumia. Akitumia sekunde tano au zaidi, mwendo wake umeshuka kufikia kiwango ambacho wataalamu wanakiona kuwa cha hatari.

Cha tatu ni mguu. Kwa tepu ya fundi cherehani, zungushia sehemu nene ya shavu la mguu, mama akiwa amekaa na nyayo ziko chini. Mwongozo wa Asia unasema kwa mwanamke chini ya sentimita 33 ni dalili ya misuli kupungua. Kama miguu imevimba, kipimo hiki kitakudanganya, na uvimbe wenyewe ni sababu ya kwenda hospitali.

Wakati wote mtu mzima asimame karibu naye. Usimpime mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Mwenye magoti mabovu asilazimishwe.

Usishtuke kwa namba moja

Viwango hivi vilitokana na wanawake wa Ulaya na Asia. Mwanamke wa Magu au Ukerewe aliyechuchumaa, kulima na kubeba maji maisha yake yote si lazima afanane nao. Kwa hiyo namba ya siku moja usiifanye hukumu.

Namba yenye thamani kubwa zaidi ni ya pili. Mama aliyetumia sekunde 12 mwezi wa tatu na sekunde 17 mwezi wa tisa anakuambia jambo zito, hata kama wewe kwa macho unamwona yuleyule. Ndivyo kadi ya mtoto inavyofanya kazi: anayeangaliwa ni mtoto dhidi ya mstari wake mwenyewe. Chukua daftari, andika tarehe, sekunde za kiti, sekunde za mwendo, sentimita za mguu, na kama ameanguka. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Misuli inarudi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Mwaka 1990 kule Boston, Marekani, daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 10 dhaifu wenye umri wa wastani wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama wa miaka 90 aliweza, mama wa miaka 65 ana nafasi kubwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kukaza usawa wa mwili siku tatu au zaidi kwa wiki. Huhitaji gym. Kuinuka na kukaa kitini mara nane hadi kumi, kupumzika, kisha kurudia, ni zoezi kamili. Kupanda visigino huku ameshika meza ni lingine. Na tusimnyang'anye kazi zote kwa upendo. Mama anayefanyiwa kila kitu misuli yake haina kazi, na misuli isiyo na kazi huisha.

Upande wa chakula, wataalamu hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa mzee mwenye afya. Mama wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Sisi wa kanda ya ziwa tuna dagaa, ambao wakiwa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na bei yake haifanani na ya nyama. Mpakulie bibi sahani yake mapema, na kipande chake kisihamishwe. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Lini uende hospitali

Mpeleke mama kama namba zimeshuka ghafla, ameanguka zaidi ya mara moja, amekonda bila kutaka, anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, au anapata kiu na mkojo mwingi. Nyuma ya udhaifu kunaweza kuwa na kisukari, kifua kikuu, upungufu wa damu au ugonjwa mwingine unaotibika. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au mdomo kwenda upande, ni dharura ya saa hiyohiyo, usisubiri kesho.

Ukienda, beba lile daftari. Daktari akiuliza "Ameanza lini?", usijibu "Siku nyingi tu." Mfungulie ukurasa aone tarehe.