Gololi Mbili Zilizopotea

Huenda nyumbani kwako iko baiskeli moja inayotumiwa na watu wote. Asubuhi huenda shamba, mchana hubeba mahindi mashineni, jioni kijana hutumwa nayo dukani. Baiskeli ya namna hiyo haina siku ya kupumzika, na mwenye nyumba anapoamua kufungua gurudumu ili alisafishe na kulitia grisi, hufanya kazi hiyo uani kwa haraka, huku wenziwe wakimngoja. Katika haraka hiyo ndipo vitu vidogo vinapopotea. Juma hili nataka tuzungumze juu ya vitu hivyo, hasa gololi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipoteza mbili na watu wa nyumbani kwangu wakaumia.

Ilikuwa Jumapili. Nililaza gurudumu la mbele juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua nati, nikaizungusha koni mpaka ikatoka kwenye ekseli. Mara gololi zikamiminika mchangani, na kuku wetu, ambao hudhani kila kinachong'aa ni chakula, walikuwa hapo hapo. Nilizookota zilikuwa 18, nami nilijua kuwa hapana budi ziwe 20. Mwanangu akaniletea kopo lake la vyuma vya kuchezea. Nikachagua humo gololi mbili ambazo kwa macho yangu zilifanana na zile nyingine, nikazitia, nikafunga. Gurudumu likazunguka vizuri, nami nikajisifu.

Baada ya majuma matatu likaanza kuchezacheza. Nikakaza koni. Likacheza tena, nikakaza tena. Kisha siku moja mama watoto alikuwa akiteremka kilima kwenda zahanati, mtoto yuko mgongoni, gurudumu likagoma kuzunguka. Alianguka kwa ubavu. Mtoto hakudhurika, namshukuru Mungu, lakini kifundo cha mkono wa mama yake kilivimba, na kwa muda wa mwezi mzima hakuweza kutwanga wala kuinua ndoo. Sikuwa na la kumwambia.

Fundi alipolifungua gurudumu lile alinionyesha mambo mawili. Kwanza, gololi za mwanangu zilikuwa ndogo kuliko zile nyingine. Zilikuwa gololi za usukani. Hazikubeba uzito wowote, bali zilitangatanga tu katikati ya wenzao. Pili, koni niliyokuwa nikiikaza kila mara ilikuwa na vishimo kama uso wa aliyeugua ndui, na gololi moja kati ya zile nzuri ilikuwa imepasuka. Kipande chake ndicho kilichojibana na kulisimamisha gurudumu. Basi kwa kukwepa kununua gololi chache, nilinunua koni mbili, ekseli na kitovu kizima cha gurudumu, kile ambacho mafundi hukiita habu.

Yafaa tuelewe sababu yake. Ndani ya habu mna vikombe viwili vya chuma kigumu, kimoja kila upande. Koni huingia katika kikombe, na gololi hukaa katikati yake katika duara. Uzito wote wa mpandaji na mzigo wake hupita katika gololi chache zilizo upande mmoja wa duara kwa wakati huo. Zikiwa sawasawa kabisa, hugawana mzigo. Moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, hiyo hubeba mzigo wa wenzake na kuichimba koni kila inapopita. Ikiwa ndogo, hustarehe, na jirani zake hutaabika. Ndiyo maana Friedrich Fischer, fundi wa mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, alipobuni mwaka 1883 mashine ya kusaga gololi za chuma nyingi kwa pamoja, ziwe duara kamili na zenye ukubwa mmoja, kazi yake ilienea haraka katika viwanda vya baiskeli.

Kwa hiyo gololi moja ikipotea, usinunue moja. Zile zilizobaki zimekwisha kulika kidogo, na ile mpya itakuwa kubwa kuliko zote. Badilisha za pande zote mbili kwa pamoja, kutoka pakiti moja. Najua jambo hili huonekana kama ubadhirifu. Lakini katika vipuri vyote vya baiskeli, gololi ni miongoni mwa vile vya bei ndogo kabisa, na koni iliyochimbika hairudi kuwa mpya.

Ukubwa nao ujulikane. Katika baiskeli nyingi kubwa tulizozizoea, gololi za gurudumu la mbele ni za 3/16 ya inchi, yaani karibu milimita 4.8, nazo huwa 10 kila upande. Za nyuma ni za robo inchi, 9 kila upande. Za usukani, zile zilizoniponza, aghalabu ni 5/32 ya inchi, karibu milimita 4. Tofauti baina yake na za mbele haifiki milimita moja, na machoni pa mtu mwenye haraka si kitu. Nenda dukani na gololi ya zamani mkononi. Ziweke juu ya kioo, ya zamani katikati ya mbili mpya, kisha laza ukingo wa rula juu ya zote tatu. Ya zamani ikiacha mwanya mwembamba sana wa mwanga, imelika tu. Mwanya ukiwa mkubwa, umechukua namba isiyo yake.

Na kama hukumbuki zilikuwa ngapi, zilizopotea zisikutie shaka: paka grisi katika kikombe, zipange gololi mpaka duara lijae, halafu ondoa moja. Nafasi ibaki, lakini isitoshe gololi nyingine kukaa. Wako wanaoijaza nafasi hiyo kwa kudhani kuwa wanaongeza nguvu. Gololi hukwaruzana na gurudumu huwa zito. Ikiwa zako zilikuwa zimeshikwa na kibati cha duara na kibati hicho kimepinda, waweza kukitupa na kutia gololi tupu za ukubwa ule ule. Zitaingia nyingi zaidi, na hilo si kosa.

Koni ikipotea, tahadhari ni nyingine. Ziko ekseli za kipimo cha inchi, zenye nyuzi 26 za skrubu katika kila inchi, na ziko za kipimo cha milimita. Zinakaribiana mno hata koni ya huku huingia kwenye ekseli ya kule kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu, kisha hukataa. Hapo usitumie spana. Ikikataa vidole, si yake.

Nitasema pia juu ya washa nyembamba yenye ulimi unaoingia katika mfereji wa ekseli. Nimewaona mafundi wa barabarani wakiitupa na kusema haina kazi. Inayo. Huzuia koni isizunguke wakati nati inapokazwa juu yake. Bila washa hiyo unapima vizuri, unakaza nati, na kipimo chako kinaharibika bila wewe kujua.

Unapofunga, na kama gurudumu lako la mbele lina koni moja tu ya kurekebishwa, iweke upande wa mkono wa kushoto wa mpandaji. Ikikaa kulia, mzunguko wa gurudumu waweza kuivuta ijikaze yenyewe mpaka gurudumu lishikwe. Ikaze kwa vidole mpaka gurudumu lisicheze, kisha irudishe nyuma kidogo sana. Ukishalifunga kwenye uma, shika tairi na ulisukume kushoto na kulia: lisigonge. Linyanyue na uliache lizunguke lenyewe: sehemu nzito, aghalabu ile yenye valvu, itateremka chini polepole na kuyumbayumba kabla ya kutulia. Likisimama ghafla, umekaza mno.

Siku hizi nafanyia kazi hii juu ya shuka kuukuu, na kuku wamefungiwa. Kando yangu ninayo sumaku niliyoitoa katika spika ya redio mbovu, nimeiviringisha katika mfuko wa nailoni. Naipitisha mchangani, kisha nageuza mfuko na gololi zinadondoka. Ningekuwa nayo Jumapili ile, ingeniokotea moja. Nyingine tuliikuta baadaye katika firigisi ya jogoo, imesuguliwa ikang'aa kuliko mpya, na mama watoto ameiweka kabatini. Baiskeli anaipanda, lakini kila Jumamosi, kabla ya kuipanda, hulisukuma yeye mwenyewe tairi la mbele kushoto na kulia.